Karani wa Hesabu Aliyebadili Njia: Ustawi wa Jamii na Wanawake Waliosoma Huku Wakifanya Kazi



Juzi kwenye shughuli ya binamu yangu nilikaa na dada mmoja tukisubiri hina ikauke. Mnajua tena, hina ikishawekwa mikono haina la kufanya, basi midomo ndiyo inayofanya kazi. Akaniambia yeye ni mtu wa mahesabu kwenye hoteli moja huku Kaskazini, mwaka wa sita sasa. Nikaha yake inshaallah ni Mfunguo Tatu. Na kuna jambo analo moyoni: anataka kuhama. Anataka kusoma ustawi wa jamii chuo kikuu, asome jioni na wikendi, aendelee na kazi ya hoteli mpaka amalize, kisha aende akafanye kazi na watoto na wazee.

Nikamuuliza kinachomzuia ni ada? Akasema ada atajua namna. Kinachomkera ni maneno ya watu. Mama yake mdogo amemwambia kusoma kwa vipande vipande ni kuingilia mlango wa nyuma. Mwenzake kazini akamcheka: mtu wa mahesabu na watoto mayatima wapi na wapi? Na mchumba bado hajaambiwa kitu.

Mimi kazi yangu ni kusomesha historia, na mtu wa historia ukimuuliza swali la leo hukurudisha nyuma miaka mia. Pale kwenye hina nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu ndilo hili, na linaanza na mtu wa mahesabu.

Mwaka 1889, katika mji wa Baltimore, Marekani, jumuiya moja ya kusaidia maskini ilitangaza gazetini kwamba inatafuta msaidizi wa mweka hazina. Aliyekwenda kuomba ni msichana wa miaka 27 hivi aliyeitwa Mary Richmond. Wazazi wake walifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake na mama zake wadogo. Alimaliza skuli akiwa na miaka 16, na hapo ndipo elimu yake ya darasani ilipoishia. Alifanya kazi New York kwenye kampuni ya kuchapisha vitabu, akaumwa malaria huko, akarudi Baltimore, akawa karani wa hesabu katika duka la karatasi na vifaa vya kuandikia. Huyo ndiye aliyeingia ofisi ile, akiwa na ujuzi wa kalamu, daftari, na kujumlisha bila ya kukosea.

Alichukuliwa kwa ajili ya fedha. Lakini hakutaka kuhesabu fedha za kitu asichokijua, kwa hiyo kabla hajatulia kwenye kiti alikwenda Boston, akakaa wiki nzima na mwanamke aliyekuwa akiongoza kazi kama ile huko, Zilpha Smith, akiangalia vipi nyumba za maskini zinatembelewa, vipi taarifa zinaandikwa, vipi watu wanaulizwa na vipi wanasikilizwa. Wiki moja tu. Ukitaka kujua masomo ya kazi hii ya mtu mwenye ajira yalianza wapi, mimi nakutajia wiki ile.

Akarudi Baltimore, na jioni akawa anatembelea nyumba za watu kama mtu wa kujitolea. Miaka miwili baadaye, 1891, akapewa uongozi wa jumuiya yote kama katibu mkuu, kiti ambacho kabla yake kilikaliwa na wanaume wenye shahada kubwa za uchumi. Hapo hapo mjini palikuwa na chuo kikuu mashuhuri, Johns Hopkins, na rais wa chuo hicho alikuwa miongoni mwa wakubwa wa jumuiya. Lakini Mary asingeweza kusoma pale hata angetaka. Chuo kile kilianza kupokea wasichana kwa shahada ya kwanza mwaka 1970. Ndiyo, 1970, si makosa ya chapa.

Mary alikuwa na kasoro zake na za wakati wake, na sipendi kumpamba mtu kama bi harusi. Jumuiya zile zilikuwa na tabia ya kuwagawa maskini mafungu mawili, anayestahiki na asiyestahiki, na mtu aliyekuja kuomba makaa ya mawe alihojiwa mpaka aone haya. Wengine wa zama zile zile waliipinga njia hiyo. Jane Addams, aliyefungua nyumba ya Hull House huko Chicago mwaka huo huo wa 1889, alisema kwa vitendo kwamba ukitaka kumsaidia jirani nenda ukaishi mtaani kwake, uangalie mishahara, maji na taka. Jane baadaye alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 1931. Magomvi ya pande hizi mbili hayakwisha hadi leo, na ukisoma fani hii utakutana nayo mwaka wa kwanza.

Lakini Mary aliona kitu ambacho wengi hawakukiona, na naamini alikiona kwa sababu ya lile daftari la hesabu. Karani anajua kwamba kumbukumbu isiyoandikwa hupotea. Aliona wanawake wema wakienda nyumba ya mjane mmoja, huyu wiki hii na yule wiki ijayo, kila mmoja akianza upya maswali yale yale, kila mmoja akitoa ushauri wake, na mjane amechoka. Wema ulikuwepo mwingi sana. Ujuzi wa kuutumia ndio uliokosekana, na hapakuwa na skuli ya kuufundisha.

Mwaka 1897 akasimama kwenye mkutano mkubwa huko Toronto, Canada, akasema inahitajika skuli ya kuwafundisha watu kazi hii. Mwaka uliofuata, 1898, jumuiya ya New York ikaanzisha kozi. Na hapa namuomba mama mdogo wa yule dada anisikilize vizuri: kozi hiyo ilikuwa ya wiki sita, wakati wa kiangazi. Iliwalenga watu waliokuwa tayari wamo kazini, kwenye ofisi za misaada, na waliojitolea, kwa hiyo waliwekewa masomo wakati ambapo wangeweza kupata ruhusa. Asubuhi mhadhara, mchana wanapelekwa kwenye hospitali na nyumba za watoto kuona kwa macho. Mwaka wa kusoma mfululizo ulikuja baadaye, 1904. Skuli hiyo ndiyo leo kitivo cha ustawi wa jamii cha Chuo Kikuu cha Columbia, na watu hupigana vikumbo kuingia. Ilianza kama kozi ya likizo ya watu wenye ajira.

Sasa mlango wa nyuma uko wapi? Kwenye udaktari au sheria, pengine mtu anaweza kusema njia kuu ilikuwa ya kutwa na hizi nyingine zikaongezwa baadaye. Kwenye fani hii mambo yalikuwa kinyume. Kusoma huku unafanya kazi ndiko kulikotangulia, na darasa la kutwa likajengwa juu yake.

Si kwamba walipokelewa kwa heshima. Mwaka 1915 mkutano ulifanyika Baltimore, mji ule ule wa Mary, na mgeni aliyealikwa kuhutubia alikuwa Abraham Flexner, mtu aliyekuwa akiogopwa kwa sababu ripoti yake ya mwaka 1910 ilizitikisa skuli za udaktari Marekani nzima. Aliulizwa swali: je, kazi ya ustawi wa jamii ni taaluma? Akajibu kwamba bado. Alisema haina elimu yake yenyewe inayoweza kufundishwa, na kwamba mfanyakazi wake zaidi ni mpatanishi anayewaita wengine, mara daktari, mara wakili, mara mwalimu. Hebu fikiria kukaa ukumbini ukasikia hayo baada ya miaka 26 ya kazi.

Mary alijibu kwa kitabu. Mwaka 1917 alitoa Social Diagnosis, kurasa zaidi ya 500, akieleza hatua kwa hatua: vipi unazungumza na mtu mara ya kwanza, nani mwengine umuulize, vipi unatenganisha ulichokiona na ulichoambiwa, vipi unaandika ili mwenzako akija baada yako aelewe. Kilikuwa kimetokana na mafaili ya miaka mingi. Mwaka 1921 Smith College, chuo cha wanawake, kikampa shahada ya heshima. Hiyo ndiyo shahada aliyokuwa nayo mpaka alipofariki 1928, karani aliyeishia skuli na miaka 16.

Naomba mnivumilie nivuke bahari, maana kuna mwanamke mwengine siwezi kumwacha, na yeye ana njia ya kutufikisha Unguja.

Alice Salomon alizaliwa Berlin mwaka 1872, katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Alitaka awe mwalimu, nyumbani wakakataa. Msichana wa watu wenye nafasi zao hafanyi kazi. Akakaa miaka akitarizi na kusubiri. (Mlio na masanduku ya vitambaa mlivyotarizi mkisubiri posa mnaijua hali hiyo.) Sasa, katika mji huo huo, Alice akiwa na miaka 14, kilichapishwa kitabu cha kumbukumbu za maisha ya mwanamke wa kwetu: Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana huko kama Emily Ruete. Mwaka ulikuwa 1886. Salme naye alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma tu. Mumewe alipofariki akabaki na watoto watatu Ujerumani, akajikimu kwa kufundisha lugha. Sina habari kama Alice alikisoma kitabu kile. Lakini kila nikifikiria mji mmoja uliowabeba wanawake wawili hao, mmoja aliyefungiwa kalamu Unguja na mwengine aliyefungiwa kazi Berlin, nafsi inatulia kidogo. Tatizo halikuwa la kwetu peke yetu.

Mwaka 1893 Alice alijiunga na vikundi vya wasichana vya kusaidia maskini. Vikundi hivyo havikutaka wema peke yake. Msichana alitembelea nyumba za watoto na jikoni za umma, na jioni alisikiliza mihadhara. Mwaka 1899 Alice alikuwa ndiye kiongozi, na akaanzisha kozi ya mwaka mzima. Mwaka huo huo, Amsterdam ilifungua skuli yake ya kazi hii. Kisha yeye mwenyewe akaenda chuo kikuu. Hakuwa na cheti cha skuli ya juu, na Prussia ilikuwa haijawafungulia wanawake vyuo vikuu, kwa hiyo alikaa kama msikilizaji mgeni kwa ruhusa ya kila mwalimu. Alisoma hivyo huku akiendesha kozi zake. Mwaka 1906 akapata udaktari wa falsafa, na tasnifu yake ilihusu kwa nini wanaume na wanawake hawalipwi sawa. Mwaka 1908 akafungua skuli kamili ya ustawi wa jamii kwa wanawake. Wanazi walimfukuza nchini 1937, akafia New York mwaka 1948. Chuo alichokianzisha bado kipo Berlin na kina jina lake.

Kwa anayedhani haya ni mambo ya wanawake tu, Clement Attlee alikuwa wakili wa London aliyeacha uwakili akaenda kufanya kazi na vijana maskini wa mashariki ya mji, akafundisha fani hii chuoni, akaiandikia kitabu mwaka 1920, na mwaka 1945 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Basi na yeye alibadili kazi.

Nimefika mahali ambapo bi harusi mtarajiwa anapaswa kusogea karibu.

Mary Richmond hakuolewa. Alice Salomon hakuolewa. Jane Addams hakuolewa. Wako wengi wa kizazi kile walioishi hivyo, na si wote walichagua. Katika nchi hizo mwanamke aliyeolewa mara nyingi alilazimika kuacha kazi ya serikali au ya ualimu. Uingereza, sheria na kanuni za namna hiyo ziliondolewa kwa walimu mwaka 1944 na kwa watumishi wa serikali mwaka 1946. Kwa hiyo wale waanzilishi wa fani walikuwa mbele ya milango miwili, huu wa kazi na huu wa ndoa, na akiufungua mmoja wa pili unajifunga. Nikisikia watu wanasema zamani wanawake wa Ulaya walikuwa na kila kitu, hucheka.

Kilicholegeza kufuli ni aina ya chuo, yaani chuo kinachomfuata mtu alipo. Historia yake ni ndefu na nitaipita haraka. London ilikuwa na chuo cha mafundi tangu 1823, kinachoitwa leo Birkbeck, ambacho kilifundisha jioni baada ya kazi na kikapokea wanawake kuanzia 1830. Mwaka 1920 kikaingizwa Chuo Kikuu cha London huku kikibaki cha wanafunzi wa jioni. Chuo Kikuu cha London chenyewe, mwaka 1858, kiliamua kwamba mtu hahitaji kukaa darasani kwao ili kufanya mtihani wa shahada. Mwaka 1878 kikawa cha kwanza Uingereza kufungua shahada zake kwa wanawake. Watu wakasoma kwa posta, kwenye makoloni pia. Hata chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa 1961 kilianza chini ya mwamvuli wa London.

Kisha mwaka 1969 ukaanzishwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na waliopokelewa kwanza, Januari 1971, hawakuulizwa vyeti vya skuli. Waziri aliyekipigania, Jennie Lee, alikuwa binti wa mchimba makaa. Masomo yalirushwa kwenye televisheni alfajiri na usiku, na wapo mama wa nyumbani walioamka kabla ya watoto wakasoma na kikombe cha chai mkononi. Hapo ndipo mke na mama alipoingia chuo kikuu bila ya kuhama nyumba. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992 na masomo yakaanza 1994, chuo kikiwa na vituo mikoani, Zanzibar ikiwemo. Ustawi wa jamii ni miongoni mwa fani zinazosomwa hapo.

Na huku kwetu nani alikuwa akifanya kazi hii kabla ya shahada? Tulikuwa na watu. Kulikuwa na wakf, nyumba na mashamba yaliyowekwa kwa ajili ya maskini, na wanawake walikuwa miongoni mwa walioweka. Kamisheni ya Wakf iliundwa mwaka 1905. Kulikuwa na mkunga aliyejua nyumba ipi haina chakula. Kulikuwa na somo, na huyu ndiye ninayemfikiria zaidi, aliyemkalisha mwari faragha akamwambia ya maisha, na ambaye baada ya harusi aliitwa mambo yakiharibika. Somo alisikia ambayo mama mzazi hakuyasikia. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana Unguja ilifunguliwa 1927, kwa hiyo wengi wa hawa hawakuwahi kukaa kwenye dawati.

Lakini somo hana faili wala hana sheria mkononi. Akiambiwa mtoto anaumizwa na mtu wa ndani, uwezo wake ni nasaha, na nasaha mara nyingi ilikwenda upande wa kuficha. Nalisema hilo kwa uchungu, kwa kuwa nimelelewa na masomo na nawapenda.

Bara, serikali ya kikoloni ilianza vituo vya ustawi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwanza wakiwafikiria askari waliorudi. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1973 iliunda chuo cha taifa cha kufundisha kazi hii, kile cha Kijitonyama, Dar es Salaam, tunachokiita leo Taasisi ya Ustawi wa Jamii. Zanzibar, wazee wasio na mtu wakatunzwa kwenye nyumba za Sebleni na Welezo. Mwaka 2011 tukapata Sheria ya Mtoto, na kwa sheria hiyo afisa ustawi si mtu wa huruma tu, ana wajibu unaotajwa, mtoto akifika mahakamani au akihitaji kulindwa. Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa pensheni wazee wote waliofika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, awe alikuwa karani au mvuvi au mama aliyechambua mwani. Pensheni kama hiyo inahitaji mtu wa kwenda shehia kwa shehia kujua nani yuko hai, nani kitandani, nani hana kitambulisho. Ni kazi ya huruma na hesabu kwa pamoja. Yule mwenzake kazini aliyecheka akiuliza mahesabu na mayatima wapi na wapi, jibu lake liko kwenye orodha ile ya wazee.

Sasa niseme jambo gumu, kwa sababu dada yule aliniamini.

Masomo ya jioni yanapangika. Moduli utasoma usiku, mtihani utaomba ruhusa. Kinachowavunja watu mguu katikati ya safari ni fildi. Kila shahada ya ustawi wa jamii ina mafunzo kwa vitendo, wiki nyingi za kukaa kwenye ofisi ya ustawi, hospitali, nyumba ya watoto, chini ya msimamizi, na huko huendi saa mbili usiku ukitoka hotelini, unakwenda saa za kazi za watu. Wengi hulimaliza somo la darasani vizuri, fildi ikifika mwajiri anakataa ruhusa, na shahada inalala.

Ukijua historia hukasiriki sana. Ule ubishi wa miaka ya 1890 ulikuwa juu ya hilo: je, kazi hii inafundishwa darasani au ofisini? Mary Richmond aliogopa skuli itakayotoa watu wenye maneno mazuri ambao hawajawahi kubisha hodi kwenye nyumba ya mtu. Wenzake waliogopa ofisi inayorithisha makosa ya zamani. Suluhu ikawa zote mbili, na fildi ni alama ya suluhu hiyo. Haikuwekwa ili kumuonea mwanamke mwenye ajira; waliopigania iwepo walikuwa wanawake wenye ajira. Lakini na wao walikuwa tayari kwenye ofisi za misaada, kazi yao ndiyo iliyokuwa fildi yao. Wewe wa hoteli inabidi uipange mapema kama unavyopanga mahari na mapambo: limbikiza likizo, zungumza na mkuu wako mwaka kabla, uliza chuo kama fildi inaweza kugawanywa, uliza kabla ya kulipa hata shilingi moja. Na kama kuna njia ya kujitolea Jumamosi mahali penye watoto au wazee, anza sasa hivi, maana utajua kama moyo wako unaiweza kazi kabla ya kuitumikia miaka. Wapo waliogundua hawaiwezi. Si aibu, ni afadhali kugundua Jumamosi.

Na mchumba? Pale kwenye hina nilimwambia hivi: fildi ndiyo sababu asimfiche. Vitabu vya usiku mume anaweza asivione hata. Lakini miezi ambayo mke hapokei mshahara, au anarudi jioni kimya kwa sababu ya alichokiona kwa mtoto wa watu na hawezi kukisimulia, kwa kuwa siri za watu ni amana na taaluma inamfunga, hiyo mume ataiona. Bora azijue habari hizo wakati wa posa, wazee wakiwa wamekaa, kuliko zimvamie mwaka wa pili wa ndoa. Wako wanaoiweka shauri ya masomo kama sharti kwenye nikaha. Vipi liandikwe na lina nguvu gani, hilo muulize Kadhi au sheikh wako kabla ya siku yenyewe, usiniulize mimi wa historia.

Hina ilipokauka tukaikwangua, ikatoka nyeusi ya kupendeza. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe. Amemwambia. Mchumba hakukataa na hakukubali. Ameuliza maswali mawili. La kwanza, fildi itakuwa Unguja au itampeleka Pemba? La pili, zile jioni za masomo, nani atakayekuwa anapika?

La kwanza amekwenda kuliuliza kituo cha chuo. La pili, anasema, bado wanalizungumza.